Ng'ombe Watatu wa Ubaoni

Nakumbuka asubuhi moja ya masika huko Getanuwas, mwanangu, nilipomtoa mtoto darasani kwa sababu aliuliza swali zuri kuliko somo langu. Wakati ule sikujua hivyo. Nilijua mambo mengine mengi.

Wewe unayekwenda kushika chaki kwa mara ya kwanza, mjue kwanza anayesema nawe. Mimi ni mtu wa Tumati. Nilifyatua matofali mjini nikajilipia chuo, nikarudi nyumbani na diploma ya ualimu wa sayansi. Sikubebwa na mtu. Naringa nayo hadi leo, wala sioni haya, ila debe tupu nalo haliachi kuvuma.

Wiki ile nilifundisha darasa la sita. Jumatatu, mmeng'enyo wa chakula. Nikachora ng'ombe na matumbo yake. Jumatano, gesi, nikamchora tena. Ijumaa, madini, nikamchora analamba magadi. Michoro mizuri, nakuambia. Udaweda, binti wa wafugaji, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu ng'ombe wa leo ndiye yule wa Jumatatu?"

Darasa likacheka. Nikaona nimedhihakiwa, mimi mwenye diploma.

"Toka nje," nikamwambia, "ukamwulize ng'ombe mwenyewe."

Akatoka. Wiki mbili hakuonekana. Mwalimu mkuu akaniita: baba wa mtoto anahamisha mifugo mwisho wa mwezi, na mtoto asiye shuleni atahama nayo. "Wewe ndiye uliyemtoa," akasema. "Nenda kamlete."

Nilikwenda nimechomekea shati. Boma nikalikuta katika taharuki: ng'ombe wa maziwa tumbo limemjaa, amesimama ametanua miguu, anahema kwa shida. Nikamwamkia bibi yake Udaweda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa ng'ombe? Karibu, tusaidie."

"Bibi, mimi si daktari wa mifugo. Mimi nafundisha sayansi."

"Na huyu si sayansi?"

Kwa aibu nikamshika ng'ombe ubavu wa kulia, nikabonyeza kama mtu anayejua. Udaweda akaniangalia, akazunguka upande wa kushoto. Kumbe huko ndiko tumbo lilikokaza kama ngoma. Akamfunga kijiti mdomoni kwa kukikingamisha ili atafune na kucheua, watu wa boma wakampandisha miguu ya mbele kwenye kichuguu, bibi akamnywesha maji ya magadi kidogo kidogo. Tukangoja. Hatimaye ng'ombe akacheua pumzi ndefu yenye harufu ya majani yaliyochacha, ikanipiga usoni.

"Alikula majani mabichi yenye umande," bibi akasema. Kisha akakaa chini, akanitazama. "Mwalimu, mjukuu wangu aliniambia shuleni kuna ng'ombe watatu. Mmoja anakula, mmoja ana gesi, mmoja analamba magadi. Nikamwuliza, sasa hao nani anawakamua?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Majani, gesi, magadi: yote nilikuwa nimeyafundisha, na yote yalikuwa mbele yangu katika ng'ombe mmoja, nami sikumtambua. Nilirudi kwa miguu nikijiuliza nilisomea nini hasa.

Nilikuwa nimemwomba bibi abaki na mtoto mifugo itakapohama, na Udaweda akarudi Jumatatu. Nikasimama mbele ya darasa, nikasema, "Jibu la swali lake ni ndiyo. Ni ng'ombe yule yule. Nilikosea." Tangu hapo watoto walileta magadi, walileta maziwa yaliyoganda, walileta hata tumbo la mbuzi aliyechinjwa, na maswali yakawa mengi hadi kengele inawakera.

Ila si ya Udaweda. Yeye aliandika, akafanya mitihani, akafaulu kwenda sekondari, lakini mkono hakuunyoosha tena. Nilijisifu kwa matokeo yake kila mahali hadi Dongobesh. Kila nikijisifu najiuliza: niliokoa nini, na nilizima nini? Miaka imepita na bado sijui. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sayansi usiikatekate kama nyama ya mnada, ukampa mtoto vipande na kumwambia hiki ni ng'ombe. Anza na kile anachokichunga nyumbani, ndipo ufungue kitabu. Na mtoto akikuuliza jambo linalokuumiza kiburi, meza mate, umwambie, "Hebu nisaidie tufikiri." Diploma yako haitapungua, yangu ipo hadi leo, imening'inia ukutani. Mkono wa mtoto ukishushwa kwa dharau, wakati mwingine haupandi tena.

Nenda salama. Mungu akupe ubao mweusi, chaki isiyokatika, na darasa lisilokuogopa. Na siku ukikutana na Udaweda, mwambie mwalimu wake bado anangoja swali.