Kola Bila Gauni

Kiwandani walimwita Mama Kola, kwa sababu tangu usichana wake alishona kola za mashati tu. Mikono ilishonwa meza ya pili, vifungo meza ya mwisho. Shati zima hakuwahi kulishona. Macho yalipoanza kufifia, msimamizi alimwambia akapumzike nyumbani.

"Sasa nitashona polepole, kitu changu mwenyewe," alimwambia wifi yake, aliyeishi naye.

Alitaka gauni moja la maua, lile alilolibuni kichwani miaka yote huku cherehani ikinguruma. Alitaka alivae angali analiona.

Alikata kitambaa karibu na dirisha, bila papara. Kiuno kikapinda. Akafumua. Mabega yakavutana. Akafumua tena na tena, hadi kitambaa kikalegea kwenye mishono.

"Hee, wifi yangu, hilo ni gauni au gunia?" wifi alicheka. Kisha akagusa shingoni mwa gauni. Kola ilikuwa imekaa sawasawa, kana kwamba imeota pale.

"Hapa lakini umeshona, wifi."

"Hapo sijashona mimi," alijibu. "Hapo imeshona mikono ya kiwanda."

Alijaribu kiuno mara nyingine. Safari hii uzi ulipita pembeni mwa tundu la sindano kila aliposukuma, na wifi alipojitolea kumtungia, alikataa. Akachukua mkasi, akaikata kola kwa kupapasa, akaitundika msumarini. Kitambaa kilichobaki akampa wifi, apangusie meza.