Mashine Iliyotaka Watu Wawili

Shemeji yangu aliendesha kompyuta za kampuni ya bima tangu ujanani hadi alipostaafu. Si hizi za kuweka mezani. Zile zilikuwa makabati ya chuma yanayompita mtu kimo, na zilipotakiwa kutupwa alikodi lori akazileta nyumbani. Majirani walisema mzee kaoa mke wa pili, tena mnene. Alicheka nao, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Nyumba ni ndogo. Makabati yalijaa sebule yote, meza ya kuwashia ikakosa nafasi. Akaiweka chumbani kando ya kitanda, nyaya akazipitisha kwenye tundu alilotoboa ukutani. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Mtu mmoja sharti awe sebuleni, azuie kwa kidole gurudumu la utepe unaotunza kumbukumbu za mashine mpaka mashine iushike, na mwingine awe chumbani awashe. Akiwa peke yake utepe hulegea ukakatika, na tepe za namna hiyo hazitengenezwi tena.

Kwa miaka mingi aliyeshika alikuwa mkewe, dada yangu. Jumapili akimaliza kufua, alikausha mikono, akashika gurudumu, akapaza sauti, "Imeshika, baba!" Mwisho alichoka. Hakuwa na pa kumketisha mgeni, na joto la mashine lilimtoa nje ya nyumba yake. Akahamia kwa binti yao, akaacha neno moja tu: makabati yakitoka, atarudi.

Chuo kimoja cha ufundi kikakubali kuyachukua. Lori lingekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Shemeji alinifuata nikipiga lipu.

"Jumapili njoo unishikie," akasema. "Nataka dada yako aisikie kwenye simu, kabla sijaamua."

Nilikwenda. Jikoni palikuwa na kikombe kimoja na sahani moja. Alinifundisha pa kuweka kidole.

"Usibane. Ni kama unamshika mtoto asianguke, lakini hutaki ajue umemshika."

Akampigia mkewe, akafungua spika, akaiweka simu juu ya kabati, akaenda chumbani. Gurudumu lilishtuka chini ya kidole changu.

"Imeshika," nikasema.

"Nani huyo?" dada akauliza simuni.

"Mimi, mdogo wako."

"Sauti hiyo hata mende hasikii. Sema tena. Halafu achia polepole, usivute."

Nikasema tena, nikaachia. Magurudumu yakazunguka, makabati yakaanza kunguruma, sakafu ikatetemeka. Shemeji alikuja mbio, akaichukua simu na kuielekeza kwenye magurudumu.

"Unaisikia, mama?"

"Naisikia. Hilo la pili linalia. Umelitia mafuta?"

"Nimelitia."

"Hujalitia."

"Basi sijalitia."

Wakacheka wote wawili. Sikuwa nimemsikia shemeji akicheka hivyo tangu dada aondoke. Nikatazama ukutani, maana niliona si mahali pangu.

Kisha dada akauliza, "Baba, unaniita nirudi nyumbani, au nije kushika utepe?"

Shemeji aliyatazama makabati, moja baada ya jingine. Angeweza kudanganya, na mimi nilitamani adanganye.

"Yote mawili," akasema.

"Basi bado," dada akajibu, bila hasira. Akamwambia asilale na njaa, akakata.

Tuliuacha utepe uende hadi mwisho, kwa kuwa haufai kukatizwa njiani.

Jumamosi lori lilikuja. Nilikuwa juu ya jukwaa la kupigia lipu, kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara, nikamwona akizungumza na dereva mlangoni. Alimpa maji ya kunywa, wakapeana mikono, lori likaondoka tupu. Vumbi lilitulia, naye bado amesimama palepale, kama mtu aliyesahau kilichomtoa nje.