Siku Michoro ya Injini Ilipogoma Kufunguka

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Alhamisi, nilibofya maneno "pampu ya dizeli" kwenye kompyuta ya duka la vipuri mjini Kisii, na hakikutokea chochote. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeiandika daftarini, kama nilivyoandika kila nilipoketi mbele ya mashine ile. Nilibofya tena. Mshale uligeuka kuwa mkono mdogo wenye kidole, kama ilivyotakiwa, lakini ukurasa haukusogea. Halikutokea onyo wala mlio. Nilibofya mara ya tatu.

Upande wa pili wa kaunta alisimama mama mmoja kutoka Nyamarambe. Kwenye kikapu chake alikuwa na pampu ya injini, imefungwa kwa kitambaa cha zamani cha meza, na kitambaa chote kilikuwa kimelowa dizeli. Alikuwa mjane mwenye mashine ya kusaga nafaka. Injini yake ilikuwa imezimika Jumatatu, na fundi wake aliifungua, akatikisa kichwa, akamwambia kipande kilichokwisha ndani ya pampu hakitengenezwi tena popote, kwa hiyo atafute injini nyingine. Ilikuwa imepatikana moja iliyotumika, ya mtu wa Kenyenya, kwa shilingi elfu arobaini na sita. Alikuwa ameshatoa elfu tatu za kuishikilia. Elfu arobaini na tatu zilizobaki alikuwa nazo mwilini, zimeshonwa ndani ya sketi ya chini: bei ya ng'ombe wawili, pamoja na karo ya binti yake wa kidato cha tatu. Mtu wa Kenyenya alikuwa amefika na injini juu ya pikapu, ameegesha karibu na soko, na alikuwa amesema wazi kwamba ikifika saa sita mchana ataipeleka kwa mnunuzi mwingine wa Nyamira.

Mama huyu alikuja kwetu kuuliza mara ya mwisho tu. Injini yake marehemu mumewe aliinunua katika duka hilihili, enzi za baba ya mwenye duka.

Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisii, mtu wa rika langu, zaidi kidogo ya miaka arobaini. Aliongea Kiswahili cha dukani na Ekegusii cha kupatania bei. Mimi sikuwa mwajiriwa wake. Nilikuwa nimefanya kazi ya stoo miaka mingi, kisha nikajifunza kompyuta kwa vitabu vya mitumba, na yeye alinipa kazi moja: kuhamisha vitabu sita vya michoro ya injini na zana za kilimo, alivyoachiwa na baba yake, kuviingiza kwenye mashine. Nilitumia miezi minne. Nilipiga kurasa mia sita na kumi na mbili kwa skana, moja baada ya nyingine, kisha nikatengeneza ukurasa wa faharasa ambao ungefunguka ndani ya kivinjari, programu ya kusomea kurasa za mtandao. Ukibofya jina la kipande, mchoro wake unafunguka pamoja na nambari yake ya kuagizia. Ilifanya kazi vizuri sana, na kwa sababu hiyo, wiki mbili kabla ya Alhamisi hiyo, nilimwambia mwenye duka kwamba vitabu vile havina kazi tena.

Katika mji wetu karatasi nzuri haitupwi wala haichomwi. Mwenye duka alivipa vyote sita kwa mama anayekaanga njugu nje ya duka, naye akavichana ukurasa kwa ukurasa kutengeneza vikoni vya kufungia njugu.

Jambo hilo lilinijia kichwani nilipobofya mara ya nne.

"Mwalimu, imekufa?" mwenye duka aliniuliza. Aliniita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha, kwa sababu kila siku alinikuta na kitabu.

"Haijafa. Inakataa kufungua."

"Inamkatalia nani? Si mali yangu?"

Nilimweleza kwamba faharasa inaonekana lakini michoro haiji. Wakati huo magazeti yalikuwa yakiandika mara kwa mara juu ya virusi vya kompyuta, na yeye alikuwa amesoma kwamba virusi hula mafaili moja moja kama mchwa anavyokula boriti. Alinyoosha mkono nyuma ya meza, kabla sijamzuia, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi. Alisema sasa haviwezi kuendelea kula.

Nadhani nilipaza sauti. Mashine ya aina ile ikizimwa ghafla, ikiwaka tena ilikuwa lazima ikague diski yake nzima kwanza. Niliirudisha kwenye umeme. Ulitokea mstari wa manjano kwenye skrini ya buluu, ukitambaa kama konokono. Nilikuwa najua ungechukua karibu saa nzima, na ningemwambia nini mama yule? Nilimwambia hivyohivyo ilivyo.

"Na kitabu?" aliuliza. "Mzee wa hapa alikuwa na kitabu. Alimwonyesha mume wangu."

Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema vitabu havina kazi tena, vikatolewa. Mke wa mwenye duka, aliyekuwa akiuza misumari upande wa pili, ndiye aliyetoka nje kwenda kwa muuza njugu. Alirudi na vikoni viwili vya njugu na kipande cha karatasi chenye mchoro wa plau. Vitabu vingine vilikuwa vimekwisha, na nusu ya karatasi muuza njugu alikuwa amemuuzia mwenzake wa stendi ya mabasi. Mke wa mwenye duka alilipa shilingi ishirini kwa hivyo vikoni viwili, kwa sababu muuza njugu alikataa kabisa kutoa karatasi bila njugu.

Mama wa Nyamarambe aliitazama ile plau, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hivyo kitabu kilikuwepo," alisema, "mkakila na njugu."

Nilitamani angetukana tu. Aliketi juu ya gunia la misumari, akaweka kikapu mapajani, na mkono mmoja akaupitisha kiunoni kuhakikisha pesa zipo. Kila dakika chache alimuuliza mwenye duka ni saa ngapi, ingawa saa ya ukutani ilikuwa mbele yake.

Saa nne na dakika ishirini na mbili mstari wa manjano ulifika mwisho. Nilifungua moja kwa moja folda ya michoro bila kugusa kivinjari. Niliomba Mungu, na mimi si mtu wa kuomba kwa sababu ya kompyuta. Mafaili yalikuwepo, mia sita na kumi na mawili. Nilifungua matatu ya kwanza, yote mazima. Mwenye duka alishusha pumzi akasema basi tumepona.

Nikarudi kwenye faharasa nikabofya. Kimya kilekile.

Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Kitu kikiharibika, najua pa kuanzia. Lakini mafaili yalikuwa mazima, kiungo kilikuwa kizima, mashine ilikuwa nzima, na bado mlango haukufunguka wala haukusema kwa nini. Nilichukua daftari nikaanza kuandika kila ninachobadilisha, kitu kimoja tu kwa mara moja.

Nilianza na mipangilio ya usalama ya kivinjari. Kulikuwa na kitelezi, kitufe cha kusogeza juu na chini, chenye ngazi nne, na mimi mwenyewe mwezi uliotangulia nilikuwa nimekipandisha karibu na juu kabisa kwa hofu ya hivyo virusi vya magazetini. Nilikishusha ngazi moja, nikabofya. Sikupata kitu. Ngazi ya pili, vilevile. Nilikishusha hadi chini, mahali ambapo kivinjari chenyewe kiliniuliza kama nina hakika. Nilikubali. Michoro haikuja.

Nilijaribu kufuta kumbukumbu ya kurasa za zamani. Nilijaribu viungo vya pistoni, vya feni, vya rejeta. Hakuna hata kimoja kilichoitika. Ilikuwa saa tano na robo. Mama alisimama, akajifunga leso vizuri, akasema kwa Ekegusii kwamba anashukuru, anakwenda kulipa injini.

Nilimwomba anipe dakika kumi. Sikuwa na sababu ya kumwomba. Nilikuwa nimeishiwa.

Niliacha kubofya. Niliweka mshale juu ya maneno "pampu ya dizeli" nikautuliza, nikasoma mstari mdogo unaotokea chini ya dirisha, ule ambao kila siku nilikuwa siutazami. Ulionyesha njia nzima ya faili: herufi ya diski, folda, na mchoro namba 347. Halafu nikainua macho hadi kwenye kisanduku cha anwani cha juu, cha ukurasa wenyewe. Hapo hapakuwa na herufi ya diski. Palikuwa na anwani ya mtandao.

Jumatano jioni nilikuwa nimeweka programu ndogo iliyokuja kwenye diski ya jarida, ya kuifanya kompyuta moja iigawie nyingine kurasa kupitia waya. Mwenye duka alitaka siku moja aweke mashine ya pili huko mbele. Niliiwasha, nikaipanga ijiwashe kila kompyuta inapowaka na faharasa ifunguke kupitia anwani mpya, ikaonekana safi, nikafurahi, nikaenda nyumbani. Sikubofya kiungo hata kimoja. Mimi ninayeandika saa daftarini sikufanya jaribio la sekunde mbili.

Nilinakili njia ile ya faili, nikaiandika kwa mkono kwenye kisanduku cha juu, nikabonyeza. Mchoro namba 347 ukaanza kushuka, mstari baada ya mstari, pampu nzima imefumuliwa vipande vyake. Saa tano na dakika thelathini na nane.

Kivinjari hakikuwa kimeharibika. Ukurasa uliokuja kwa anwani ya mtandao kilikuwa kinauhesabu kuwa mgeni, hata kama umetoka kwenye mashine ileile, na mgeni hakuruhusiwa kukituma kikafungue diski ya mwenye nyumba. Kitelezi changu hakikuhusika na katazo hilo hata kidogo.

Mwenye duka alikuwa ameinama begani kwangu. Nilipomweleza, aliuliza polepole, "Kwa hivyo bila hiyo, ukurasa wa mtu nisiyemjua ungeweza kuingia kwenye barua zangu?"

Nilimwambia sijui ungefika mbali kiasi gani, lakini ungeweza kujaribu. Aliketi. Nami nikakumbuka kwamba kitelezi bado kiko chini kabisa, nikakirudisha juu haraka.

Tulifungua pampu ya mama juu ya kaunta. Nambari iliyochorwa kwenye chuma chake ilikuwa ileile iliyo juu ya mchoro. Kipande cha ndani, kijiti cha chuma kirefu kama kidole kinachosukuma dizeli, kilikuwa na nambari yake peke yake. Mwenye duka alipiga simu Nairobi. Laini ilikatika mara mbili. Mara ya tatu alisoma nambari tarakimu moja moja, akasubiri, akafunika simu kwa kiganja.

"Wanavyo vinne. Kimoja elfu moja mia nane na hamsini. Kinakuja na basi la usiku."

Mama hakufurahi. Aliitazama skrini, kisha mlango, upande wa soko.

"Unataka niache injini niliyoishika kwa mikono yangu," aliniambia, "nifuate picha ya kwenye kioo? Wewe uliyesema kitabu hakina kazi?"

Nilimwambia kwamba siwezi kuapa injini itawaka. Ninachojua ni kwamba nambari ya chuma chake na nambari ya mchoro ni moja, na kwamba fundi wake alikosea aliposema kipande hakipo, kwa sababu vinne viko kwenye rafu Nairobi wakati huu. Zaidi ya hapo uamuzi ni wake, na elfu tatu alizotanguliza hazitarudi.

Mama alisimama akitazama saa ya ukutani mpaka ilipobakiza dakika nne kufika saa sita. Kisha alitoka bila kuaga. Nilidhani amekwenda kulipa. Nilibaki nimeshika ukingo wa kaunta, na mwenye duka bado ameshika simu, mtu wa Nairobi akiita halo, halo.

Alirudi saa sita na dakika kumi na moja, anahema. Pikapu ilikuwa imeondoka kwenda Nyamira na elfu tatu zake. Mtu wa Kenyenya, alisema, alimcheka na kumwambia atamtafuta tena kwa magoti. Mama aliingia nyuma ya rafu na mke wa mwenye duka, wakafumua mshono wa sketi, akatoka na noti mbili za elfu.

"Agiza," alisema.

Siku hiyohiyo nilizima programu ya kugawa kurasa. Nilihamisha michoro yote ikae folda moja na faharasa, nikaandika upya viungo mia sita na kumi na viwili kwa njia fupi isiyotaja diski, kisha nikabofya kimoja kimoja hadi cha mwisho. Ilinichukua siku tisa. Sikulipwa, na sikuomba.

Kijiti kilifika Ijumaa asubuhi. Jumamosi nilikwenda Nyamarambe kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Fundi yuleyule alikifunga bila kunitazama usoni, akazungusha mpini mara tatu, injini ikakohoa moshi mweusi ikashika. Watu waliokuwa na mabeseni ya wimbi na mahindi walianza kupanga foleni kabla moshi haujaisha.

Mama alinipa kalamu. Shemeji yake angekuja jioni kuuliza pesa za ng'ombe zimekwenda wapi, naye alitaka jibu kwenye karatasi. Niliandika: malipo ya kwanza ya injini yaliyopotea, elfu tatu; kijiti, elfu moja mia nane na hamsini; basi, mia moja na hamsini; fundi, mia sita. Jumla elfu tano na mia sita. Nilizitoa kwenye elfu arobaini na sita, nikarudia hesabu mara mbili kwa sababu sikuwa ninajiamini tena, kisha nikamsomea alichookoa: shilingi elfu arobaini na mia nne.