Nyimbo Tulizoliimbia Bwawa Lisilo na Ua

Nakumbuka asubuhi ambayo leso ilibaki mkononi mwangu na mdogo wangu asibaki. Tulikuwa majini sote wawili, mimi na Mwanasha, miguu haifiki chini, na ukingo wa bwawa ni udongo mwekundu uliolowa, unateleza kama sabuni. Nilimshika leso aliyoifunga kiunoni. Nikaivuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Ikaja. Ikaja nyepesi, mwanangu, ndipo nikajua nimevuta nguo peke yake.

Mimi nilitolewa na mchungaji mmoja Mduruma aliyekuwa amekuja kunywesha ng'ombe. Alilala kifudifudi pale ukingoni akanirushia kamba ya ndama. Mwanasha alitolewa adhuhuri, na wanaume wanne. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na posa yake ilikuwa imeshajibiwa.

Nakwambia haya wewe, binti wa kijiji hiki, kwa sababu juzi nimewasikia mkifanya mazoezi ya kayamba katika uwanja wa shule. Nimeambiwa mnamwandalia Mheshimiwa Ramadhani Mwajoto, kwamba Jumamosi anakuja kufungua bwawa jipya kule juu. Wimbo wenu ni mtamu. Wangu ulikuwa mtamu zaidi. Kaa nikueleze ulifanya nini. Mimi shule niliishia darasa la nne, maneno ya kupangwa siyawezi, lakini hili nalijua toka mwanzo wake.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, na Mwajoto alikuwa diwani tu. Huku kwetu, ndani ya Mkongani, maji tulikuwa tunayafuata mtoni, mtu anaondoka na jua na kurudi na jua. Basi diwani akaitisha baraza, akaja na mchoro mkubwa wa karatasi, akautundika ukutani. Akasema tutachimbiwa silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua. Litazungushiwa ua wa seng'enge, litakuwa na ngazi za mawe, na bomba la kuchotea litatokeza nje ya ua ili mtu asiyakaribie maji yenyewe. Palikuwa na bibi mmoja, Bibi Mwanakombo, mkunga, aliyetupokea wengi wetu tulipozaliwa. Alisogea mpaka pale ukutani akaugusa mchoro.

"Hii mistari ndiyo ua?"

Akaambiwa ndiyo ua.

"Na hii, ngazi?"

Ndiyo ngazi.

"Haya," akasema. "Nimeona."

Kazi akapewa kontrakta aitwaye Beja, shemeji yake diwani. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema, nami nikiwa mmoja wao. Tingatinga likaja, likachimba, likaondoka. Seng'enge haikuja. Mawe hayakuja. Bomba hatukuliona. Mvua ikanyesha, shimo likajaa, likang'aa, nasi tukafurahi kama watoto.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, naibu wa chifu, Bwana Nassoro, alinijia nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji wa kikundi cha kina mama.

"Mejumaa," akaniambia, "wewe ndiye sauti ya hapa. Mtu akitaka kuharibu shughuli, mimi nitainua kitambaa cheupe. Ukikiona tu, anzisha."

"Kuharibu shughuli vipi?"

Akacheka. "Utajua mwenyewe. Wapo watu hata uwape nini hawashibi."

Nami nikaona nimepewa cheo. Usiku ule nilikoroma vizuri.

Siku yenyewe ilipofika, diwani alikata utepe uliofungwa kwenye vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini, maana lango la kuufungia halikuwepo. Watu wakapiga makofi. Akahutubia, akasema tumesahaulika miaka mingi na yeye ndiye aliyetukumbuka. Alipouliza kama kuna mwenye neno, Bibi Mwanakombo akasimama.

"Asalaam aleikum. Mheshimiwa, kwa maji tunashukuru. Mimi nina neno dogo tu. Ule ua ulionionyesha siku ile, na zile ngazi..."

Kitambaa kikainuka.

Nikaanzisha. "Maji yamefika, diwani katuletea!" Wenzangu wakaitikia, kayamba zikalia, vigelegele vikapaa. Namwona bibi mdomo unakwenda na sauti haifiki popote. Nilidhani ataketi. Hakuketi. Alisimama vile vile akingoja tumalize, nami nikaongeza ubeti. Akangoja, nikaongeza mwingine. Mpiga picha wa diwani alikuwa akituzunguka. Alipousogelea uso wangu nikaachama zaidi. Mwishowe bibi akaketi, na diwani akasema, "Mnaona furaha ya wananchi!"

Tuligawiwa leso. Mimi kwa kuwa ndiye mwimbishaji nikapata doti nzima, na kipande kimoja nikampa mdogo wangu. Ndiyo hiyo niliyoivuta.

Kesho yake nilipita nyumbani kwa Bibi Mwanakombo na dumu langu kichwani. Alikuwa kibarazani akichambua mchicha.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Sauti yako nzuri, mjukuu wangu. Jana umeniziba mdomo kwayo."

"Ah, Bibi nawe! Wewe hata ukipelekwa peponi utauliza mlango uko wapi."

"Nitauliza. Nisipouliza nitaingilia wapi?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. "Mejumaa, mimi maji sichoti tena. Magoti haya kazi yake ni kunipeleka msalani na kunirudisha. Ile ngazi unadhani nilikuwa najiulizia mimi?"

Nikamwambia nimechelewa, nikaenda zangu, na njia nzima nikawa nanung'unika kwamba wazee wana wivu.

Msimu wa pili wa mvua ndio uliomchukua Mwanasha. Alikuwa ameinama kuchota, ukingo ukamegeka. Mimi nikamfuata nimshike, nami ukanitupa. Hakuna zaidi ya hapo. Mtu anaweza kufa kwa jambo dogo hivyo, kwa kukosa mawe matano ya kukanyagia.

Diwani alikuja matangani na gunia la mchele. Akasimama mbele ya watu akasema hii ni kudura ya Mwenyezi Mungu, hatuna la kuhoji. Watu wakaitikia ni kweli. Mwanangu, kudura naiamini, nimezaliwa Mwislamu na nitazikwa Mwislamu. Lakini Mungu hakutuibia seng'enge. Seng'enge iliibwa na mtu mwenye jina, na siku ile alikuwa amesimama uani kwetu amevua viatu.

Bibi Mwanakombo naye alikuja, akaketi karibu yangu. Nilimngoja aniambie kwamba alinionya. Hakuniambia. Alinishika mkono mpaka hitima ikaisha. Heri angenitukana.

Arubaini ilipopita nilikwenda Kwale, kwenye ofisi ya madiwani, nikaomba kuona karatasi za bwawa letu. Nilikalishwa kwenye benchi toka asubuhi mpaka alasiri. Mwisho msichana mmoja wa pale, Mungu amzidishie, akanionea huruma akatoa faili, akanisomea kwa Kiswahili, maana lote ni Kiingereza.

"Mama, hapa wameandika bwawa lina ua, lina ngazi, lina bomba. Kazi imekamilika na imekaguliwa."

"Imekaguliwa na nani?"

"Kuna sahihi. Jina hawakuandika." Akafunua ukurasa. "Na hapa wameambatisha picha, kuonyesha wananchi wameridhika." Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Mama, si wewe huyu?"

Ndiye mimi. Nimeachama mdomo, mikono juu, meno yote nje. Na nyuma ya bega langu, ukitazama vizuri, Bibi Mwanakombo amesimama, ameinua kidole kama mwanafunzi anayengoja kuitwa na mwalimu. Ile picha yangu ndiyo iliyowekwa mahali pa ua.

Tangu hapo nimekwenda na kurudi. Kwanza niliambiwa nakala haitolewi. Kisha faili limehamishwa. Kisha madiwani wa zamani wakaondoka, kaunti ikaja, nikaambiwa na kijana mwenye tai, "Mama, mambo ya enzi zile sisi hatuyajui." Hawayajui, lakini Mwajoto wa enzi zile wanamjua, wanakaa naye bunge moja na wanamwita Mheshimiwa. Beja wanamjua, ndiye aliyepewa hili bwawa jipya. Nassoro amestaafu, tukikutana njiani ananiuliza habari za kifua changu, maana tangu nimeze yale maji sijapumua sawasawa. Na Bibi tumeshamzika.

Jumatatu nilikwenda kuliona hilo bwawa lenu. Nililizunguka lote kwa miguu, nikipumzika kila hatua kumi. Udongo ni ule ule, na ukingo umesimama wima. Sikuona ua, sikuona ngazi. Nikamwuliza mlinzi, akasema, "Vitakuja baada ya ufunguzi." Nikamwambia, hata kwetu ndivyo tulivyoambiwa. Akaona haya, akaangalia pembeni.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na nisikilize kuliko ulivyowahi kunisikiliza. Sikukatazi kuimba. Nakukataza kuliimbia jambo usiloliona. Kabla hujashika kayamba, nenda ukalizunguke kama nilivyolizunguka mimi. Sisi watu wa huku tumelelewa na heshima, mgeni hatumhoji, tunamkaribisha maji na kiti. Ni malezi mazuri. Lakini Mwajoto si mgeni wako. Ni mtu uliyemtuma kazi, na amerudi, na anatakiwa akueleze ameifanya vipi. Mtu mzima akisimama kuuliza na wewe ukaambiwa uanze wimbo, weka kayamba chini uketi. Watakuita mkosefu wa adabu. Kubali uitwe. Wakikuletea karatasi ya kutia dole gumba, waambie wakusomee kwanza, na wakisema huna haja ya kujua, basi hapo ndipo penye haja. Na wakitaka kukupiga picha, uliza picha inakwenda faili gani. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina sauti, nina leso mpya, nani angeniambia kitu?

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, akupe watoto na uwaone wakikua, akulinde na maji na akulinde na watu. Akupe ulimi usioogopa na masikio ya kumsikiliza mwenzio anapouliza. Amin.

Jumamosi nitakuja. Nitakaa mbele, na nitasimama, na sitaketi mpaka nimemaliza. Mheshimiwa Ramadhani Mwajoto, nawe Beja, nawe Nassoro, nimewataja hapa ili msiseme hamkujua mnaulizwa nyinyi. Ile sahihi isiyo na jina ni ya nani? Ni mtu yupi aliyekuja kukagua, na alikagua nini? Nataka mumlete kwa jina lake, hata kama sasa ni mkubwa wa ofisi gani sijui, asimame pale Mwanasha alipotolewa, atuonyeshe huo ua aliouona.