Kiti cha mama hakirudi nyuma

Leo nimelia mbele ya afisa wa bima, Posta, mchana kweupe.

Nilipeleka gari la marehemu mama nilikatie bima kubwa. Kaka wa watu akalizunguka akipiga picha, akafungua mlango, akashangaa.

"Dada, mbona kiti hakirudi nyuma?"

Kimechomelewa. Mama alikuwa mfupi jamani, mfupi haswa! Fundi wa mtaa wa Gerezani alimsogezea kiti mbele, akaunga vyuma kwenye pedeli ili miguu ifike. Akabeba vitenge vyake vya kuuza Kariakoo miaka yote hivyo hivyo.

Mimi nimerefuka kama baba. Naendesha magoti yakigusa usukani.

Kaka akasema gari lililobadilishwa hivyo halipati bima kubwa. "Labda kama kuna dereva anayehitaji hivyo vyuma. Mlete tumwandike."

Mlete.

Yaani neno hilo tu, machozi yakalowesha fomu zake.

Akanishauri nitafute fundi avikate hivyo vyuma na kukirudisha kiti nyuma. Nikachukua bima ndogo, nikaondoka.

Magoti yananiuma mpaka sasa. Semeni ukweli, nyie mngevikata? Mama akinijia ndotoni akaulizia kiti chake, namjibu nini?