Tende za Farasi wa Miguu Minane

Mwaka jana nilikuwa Jeddah kwa dada yangu. Asubuhi moja nikasikia kishindo cha miguu uchochoroni, nikachungulia dirishani. Wanaume wanne walikuwa wamebeba jeneza la jirani, wakienda upesi. Sikujua nahesabu nini mpaka nilipofika minane. Sijui kama nyinyi mmewahi kuliangalia jeneza hivyo, lina miguu minane likitembea. Mimi nilijishika mdomo, nikawa mtoto tena, Riyadh, na hofu yangu ile ile.

Tulikaa mtaa wa Malaz, ghorofa ya pili. Baba, mtu wa Lamu aliyekulia kwenye punda, alikuwa akitunza farasi wa bosi mmoja nje ya mji. Akipenda kusema kwamba ukishamweza punda wa Lamu, farasi ni likizo. Ijumaa baada ya swala alinichukua nami, nikirudi nanuka majani makavu na jasho la farasi, Mama akinitoa viatu nje ya mlango.

Pale zizini alikuwapo mwalimu wa farasi, Mjerumani, tukimwita Madamu Greta. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza kama cha Baba, kwa hivyo walielewana ajabu. Siku moja, akichana manyoya ya shingo ya farasi, alituhadithia mambo ya watu wa kale wa kwao. Walifuga farasi weupe wasiopandwa na mtu, wakisikiliza wanavyolia wapate kujua miungu yao inataka nini. Mkubwa akifa, farasi wake alizikwa naye. Na mkuu wa miungu hiyo alikuwa na farasi wa kijivu, mwenye miguu minane, aliyeijua njia ya kwenda kwa wafu. Baba akanitafsiria yote.

Nyumbani nikamsimulia Mama.

"Miguu minane? Astaghfirullah! Huyo si farasi, huyo buibui," akasema, akaendelea kukanda unga.

Mimi sikucheka. Baba alikuwa mgonjwa wa moyo. Ngazi za ghorofa mbili alizipanda kwa vituo, na nilikuwa nimewasikia wakinong'ona kwamba Jumapili atakwenda Jeddah kupasuliwa. Hakuna aliyeniambia kitu. Watu wazima hudhani mtoto hana masikio.

Ijumaa ya kabla ya safari Baba akaenda kuwaaga farasi, nami nikamng'ang'ania. Alipokuwa akizungumza na bosi, nikazunguka nyuma ya zizi. Palikuwa na turubai la kukinga jua, halikufika chini. Chini yake nikaona miguu ya kijivu. Nikahesabu. Minane! Wallahi roho iliniruka. Nikajua ameshakuja kumchukua Baba.

Nilikuwa na tende mfukoni, nikampitishia moja moja chini ya turubai, huku nasema naye kwa Kiswahili, Kijerumani ningekijulia wapi? Nikamwambia amekosea mtu, huyu ni mtu wa punda. Na kama ni lazima, basi asubiri mpaka nimalize skuli, niolewe, nizae, Baba aone wajukuu. Nikalia kwikwi.

Baba alinikuta hapo. Akainua turubai: majike wawili wa kijivu wamesimama ubavu kwa ubavu kivulini, mmoja anatafuna tende zangu na kokwa zake. Nikatamani ardhi inimeze. Nilijua atanicheka, maana Baba kwa utani hana mwenzake. Lakini alichuchumaa polepole, akaniuliza nilikuwa nasema nini. Nikamwambia yote, hata ya wajukuu.

"Naye amesemaje?"

"Hakusema kitu, Baba. Amekula tende."

"Basi amekubali, mwanangu."

Alirudi kutoka Jeddah baada ya mwezi, amekonda, na bado yuko nasi, anawachokoza wajukuu wanne. Miaka mingi niliamini ni mimi niliyemkomboa kwa tende, na nilijigamba hasa.

Kisha mwanangu akaugua. Nikakaa nje ya chumba cha hospitali nikimwuliza kila apitaye kama atapona, hata mama aliyekuwa akipiga deki. Hapo ndipo nilipoielewa sauti ya Baba siku ile. Hakuwa akinitania. Alikuwa anaogopa kufa, na hakuwa na mwingine wa kumwuliza, akaniuliza mimi.