Siku niliyokatalia bakwe mbele ya kusalimia

Bana ba leo, benye kushinda na telefone mu mukono, musome hii bila kunicheka sana: mimi nkambo wenu, mwenye kufundisha kila muntu heshima, karibu nivunje ndoa ya mujukulu wangu Odile kwa mudomo yangu mwenyewe.

Bakwe, jamaa ya muchumba wake, bantu ba Kasai, balipashwa kufika saa kenda kumuomba. Kwetu, siku ile hakuna muntu wa nyumba anasema neno mupaka bageni batoe kuku ya kufungula kinywa, sababu neno ya kwanza yenye kutoka mu nyumba, ile njo jibu. (Nani alirudilia ile sheria mara kumi asubui? Mimi.)

Sombe, majani ya muhogo, imeiva, viti vimepangwa, njo nikasema niangalie kidogo tu filme ya zamani ya kuimba, ile ya baba mushoni wa nguo mwenye binti yake anapenda kijana wa kupiga ngoma, na ule baba akikasirika anaimba, akihuzunika anaimba, lakini anashika desturi, na mimi namupa haki, maana bwana habachague kama nyanya ku soko. Mara baba akaanza kulegea! Nikasimama, nikapiga kelele:

"Katala, baba! Katala! Usipe binti yako ile jamaa ya benye njaa!"

Bakwe balikuwa ku mulango. Balifika mapema.

Mutoto wangu Prosper, baba ya Odile, akaingia mbio: "Mama, banarudia kwabo! Banasema jibu banasikia."

Odile akaanguka chini na kilio. Nikakimbia bila viatu mupaka ku avenyu, kilemba kikaanguka, nikapiga magoti mu vumbi mbele ya mukubwa wabo, bajirani bote banaangalia.

"Tatu, baba yangu, nilikuwa nasema na muntu wa televizyo!"

Akainama, akauliza: "Mamu, ule baba mushoni wa filme ya kuimba?"

"Njo yeye."

"Hata mie alinikasirishaka." Akacheka mupaka fimbo ikamutoka. "Lakini utatoa kuku ya kusafisha ile neno."

"Hata mbili, tatu!"

Balirudi, balifungula kinywa, tukaitika. Leo Odile iko kwa bwana yake, kule komine ya Annexe, na mie napumua.

Mangaribi ya siku ile ya kuomba, niliita nyumba yote, nikabaambia: siku ya bakwe, mutoe waya ya televizyo mu ukuta, na mimi munifungie mu jikoni.